Mkunga Aliyetumwa Kununua Trekta

Murjan alikasirika, na mimi simlaumu. Mtu umekuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, umeendesha lori Burma kwenye tope la kumeza ng'ombe, halafu majirani wanakaa kitako kuchagua mtu wa kwenda kununua trekta, wanamtaja shemeji yako! Mabrouka, mjane wa kaka yake, mkunga wa kijiji chao cha Makina, Kibra, mama ambaye hata baiskeli hajawahi kuishika.

"Wewe utakwenda naye, na wewe ndiye utakayeiendesha," wakamwambia. "Lakini kuchagua ni kwa Mabrouka."

Ilikuwa mwaka wa 1949. Ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe, ilikuwa imepita Kibra ikafagia maksai wote wa kulimia, na masika yalikuwa yamebakiza wiki tano. Nyumba saba ziliuza kila kilichobaki, zikaweka pamoja. Trekta moja, nyumba saba. Ikitokea mbovu, mashamba saba yatalala nyasi, watoto watalala njaa, na jina litakalolaaniwa ni moja tu. Mabrouka alilijua hilo. Asubuhi ya kuondoka hakutia kitu kinywani.

Kwanza waliingia duka kubwa la Wazungu mjini. Lo! Murjan alisahau hasira zake zote. Trekta zilikuwa zimesimama mstari kama askari wa gwaride, nyekundu, zinang'aa hata unajiona sura. Aliigusa moja kwa kidole, polepole, kama mtu anayejaribu uji wa moto. Kufikiri kwamba chuma hiki kingelima kwa siku moja shamba lililomvunja babake mgongo kwa mwezi! Subhanallah, alisema moyoni, binadamu ana akili.

Muuzaji, kijana wa Kizungu mwenye nywele za mafuta, alikuja akitabasamu.

"Hii trekta hapana haribika," akasema kwa kile Kiswahili chao cha jikoni. "Wewe nalima, toto yako nalima, toto ya toto nalima."

Mabrouka wala hakuitazama trekta. Alimtazama yeye. "Bwana, ni nani uliyemuuzia, ikamharibikia? Nielekeze kwake."

"Haribika? Hapana! Hata moja!"

"Asante." Akajitanda gurbaba, lile shuka lake la Kinubi, vizuri, akatoka zake.

Yule kijana akawafuata mpaka barabarani, akiteremsha bei kila hatua. Murjan alitaka kulia. "Shemeji, umerogwa? Kizuri chajiuza!"

"Na kibaya chajitembeza. Hebu geuka uone nani anatukimbilia." Hakupunguza mwendo. "Murjan, mkunga akikwambia hajawahi kupata uzazi mgumu, ama ni mwongo, ama hajazalisha. Wanawake wote watamsifu mkunga kama mtoto katoka mwenyewe. Mimi nikitaka kumjua mkunga, namtafuta yule mama ambaye mtoto wake alitanguliza miguu. Huyo ndiye anayejua mkunga wake alikimbia ama alikaa."

Murjan akazigeukia zile nyekundu mara ya mwisho, kisha akamfuata.

Kando ya mto kulikuwa na gereji ya mabati ya Kalasinga mmoja, Gurdit Singh. Hapo hapakuwa na gwaride. Trekta moja ilikuwa nzima, rangi imechunika, na mbili zimetumbuliwa matumbo, vyuma vimelala juu ya magunia. Mabrouka akauliza swali lile lile. Gurdit Singh akafuta mikono kwa kitambaa. Akaifuta tena, ingawa ilikuwa imeshakauka.

"Yuko mmoja, Mama," akasema mwisho. "Naftaly, kule Kawangware. Lakini huyo hanipendi. Ukienda atanitukana."

"Basi ndiye ninayemtaka."

Aka! Murjan alitembea njia nzima akinung'unika kwamba katika maisha yake hajawahi kuona watu wakifunga safari kwa miguu kwenda kuokota matusi. Na matusi waliyapata. Naftaly, mkulima mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe bondeni, alisikia tu jina la Gurdit Singh akaruka kutoka kwenye kigoda. Mwizi huyo! Ndevu hizo! Gia ilivunjika katikati ya shamba, mvua inanyesha, majirani wanacheka! Mkewe, Wangoi, aliwapa uji, akakaa kusikiliza kama mtu anayesikiliza habari anazozijua.

"Akafanyaje?" Mabrouka akauliza.

"Akafanyaje nini? Siku ya tatu akaja. Siku ya tatu! Mto umejaa, lori limekwama ng'ambo, akavuka na spea mabegani. Akalala hapa kwangu siku mbili, chini ya trekta, akila chakula changu!"

"Na ungekuwa unanunua nyingine leo, Baba, ungenunua kwa nani?"

Naftaly akarudi kuketi kwenye kigoda. Wangoi akaangua kicheko mpaka akashika mlango.

"Kwake," Naftaly akasema kwa hasira. "Kwani kuna mwingine?"

Trekta iliingia Makina siku ya Jumatano, ile iliyochunika rangi, Murjan juu yake amevaa kofia yake ya jeshi. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume walitoka msikitini viatu mkononi. Udongo ulifunguka nyuma ya plau, mweusi, unanukia, mistari mirefu ambayo hakuna jicho la Kibra lililowahi kuiona. Watu walitembea nyuma yake. Shamba la kwanza, la pili, hadi la sita.

Likabaki la Fatna, kikongwe anayelea wajukuu wanne. Katikati ya shamba hilo, asubuhi, wingu jeusi limejaa upande wa Ngong, trekta ikatoa moshi mweupe, ikakohoa, ikazima. Maji yalikuwa yakichuruzika chini ya injini. Pampu ya maji.

Maneno yakaanza hapo hapo. Tulisema. Kuna nyekundu zinang'aa, yeye kachagua mzoga wa Kalasinga! Fatna aliketi kwenye tuta akafunika uso. Na Murjan akaiona mikono ya Mabrouka, ile mikono iliyowapokea duniani nusu ya watu waliokuwa wakimtukana, inafunga gurbaba kiunoni.

"Chukua baiskeli," Mabrouka akamwambia. "Nenda kamwite."

Murjan alikwenda, akarudi peke yake. "Amesema nitangulie." Watu wakacheka kwa uchungu. Saa moja ikapita, ya pili, ya tatu. Wingu likazidi kushuka.

Kisha lori likasikika. Gurdit Singh akashuka, akavua viatu, akaingia shambani kwa miguu mitupu na pampu kifuani ameikumbatia. Hakumsalimia mtu. Akalala chali udongoni, akafungua, akafunga. Mabrouka akachuchumaa kando yake, akimpa spana moja moja.

"Pampu hii haikupatikana Nairobi nzima," fundi akasema kutoka chini. "Nimeitoa kwenye trekta ya mtu. Mzungu wa Limuru. Alikuwa amesimama gerejini anaisubiri."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia angoje. Shamba la mama mmoja Kibra halijaisha."

Injini ikanguruma. Murjan alitumikia jeshi la mfalme miaka saba, akaona mizinga na ndege zikianguka, lakini hajapata kusikia Mzungu akiambiwa angoje, tena kwa ajili ya Fatna! Akamgeukia shemeji yake. Akakusanya visigino udongo ukaruka, akampigia saluti kamili, mkono wima kwenye kofia, mbele ya watu wote.

"Acha wazimu, panda trekta," Mabrouka akasema, machozi yanamtiririka.

Akapanda. Walilima tuta la mwisho la Fatna matone ya kwanza yakianguka.