Mfalme wa Tatu wa Wahispania

Sisi tuliolelewa Al Nahda, wikendi ya Dubai ilipokuwa bado Ijumaa na Jumamosi, tulicheza bladda, ule mchezo wa kuruka kamba ya mpira, katikati ya magari nyuma ya ghorofa mpaka mlinzi atoke na kelele zake, "Yalla, yalla, nyumbani!" Tulikuwa familia tatu katika fleti moja. Jikoni kila sufuria iliandikwa jina la mwenyewe, na harufu ya chapati za mama ilipigana na ya pweza wa nazi wa jirani yetu wa chumba cha pili, Bi Salma wa Mombasa. Watoto wa leo kila mmoja ana chumba chake na bado wanalia hawana nafasi. Sisi hesabu za shule tulizifanyia juu ya mashine ya kufulia, nayo ikitikisika.

Tulichofunzwa kuliko yote katika fleti ile ni kutoamini haraka. "Ukiona vyaelea, vimeundwa," mama alizoea kusema, yaani kila jambo lina aliyelipanga. Alisimamia usafi wa vyumba hotelini, na aliwaona wageni wengi wakimtabasamia huku wameficha taulo kwenye mabegi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja Mwalimu Pilar, Mhispania aliyetufundisha kuchora, alipotangaza kwamba Jumamosi moja ya Januari angetupeleka kwenye sikukuu ya dini ya kwao. Alisema Wahispania husherehekea wale Mamajusi watatu waliomletea mtoto Yesu zawadi, ila wao huwaita wafalme, na watoto huwaandikia barua. Darasa zima likashangilia. Kisha akaniita pembeni.

"Nekesa, mwambie baba yako naye aje. Tafadhali, asikose."

Baba yangu peke yake. Hakuna mzazi mwingine aliyealikwa.

"Hapa kuna namna," mama alisema jioni ile.

"Ataka mtu wa kumbebea viti, huyo," Bi Salma akadakia akikoroga chungu chake. "Mwambie avae nguo za kazi."

Baba alikuwa karani kwa wakala mmoja wa mizigo kule Deira, mtu wa maneno machache. "Hata mimi nataka kujua," alisema. Akapiga pasi suti yake ya kanisani.

Basi la shule lilitushusha kwenye jumba lenye bustani, nyasi zake za kijani kibichi kuliko za kwetu Bungoma. Kulikuwa na viti vitatu vikubwa vilivyofunikwa kitambaa chekundu. Mimi sikucheza. Nilimlinda baba kwa macho. Niliposhikishwa kipande cha keki ya duara, niliuma kitu kigumu ndani yake: punje ya haragwe kavu! Wahispania wakapiga makofi, wakasema anayepata haragwe ndiye hununua keki ya mwaka ujao. Nikajisemea, ndiyo hiyo sasa, tumeingia mtegoni.

Nilipoinua macho, baba hakuwepo. Mwalimu Pilar alikuwa akimwingiza katika chumba cha nyuma, nami nikawafuata mpaka mlangoni. Mezani palikuwa na joho la kijani, taji la dhahabu ya karatasi, na kopo la rangi nyeusi ya kujipaka usoni. Mzungu mmoja aliketi kando ya meza, amekwisha kujipaka mkono mmoja hadi kwenye kiwiko.

Baba alitazama kopo, akautazama mkono ule.

"Mwalimu," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole, "umeniita kwa sababu mimi ni mweusi?"

Uso wa Mwalimu Pilar ukawa mwekundu mpaka masikioni. Nilingoja uongo.

"Ndiyo," alijibu. "Mfalme wa tatu ni Mwafrika, na kila mwaka tunampaka mtu rangi. Naona aibu. Nilipaswa kukuambia mapema, nikaogopa utakataa, ndiyo maana huyu ameanza kujipaka."

Moyoni nilimwomba anishike mkono tuondoke. Badala yake akavua koti la suti, akanipa nilishike.

"Nitakaa kwenye kiti," alisema. "Lakini kopo hilo litupwe kwanza, nikiona."

Yule Mzungu mwenyewe ndiye aliyelibeba hadi kwenye pipa la taka nje, mkono wake ukiwa bado mweusi.

Hivyo baba yangu, aliyeshinda akigonga mihuri kwenye masanduku ya watu, akaketi na taji kichwani. Watoto wakapanga foleni na barua zao. Kasichana kadogo kalipanda mapajani mwake, kakamsugua shavu kwa kidole, kakakitazama kidole kile, kisha kakamgeukia mama yake na kupiga kelele. Mwalimu Pilar alitutafsiria: "Anasema haitoki."

"Haitoki, mama," baba alimwambia kwa Kiswahili. "Nilizaliwa nayo." Akacheka. Mimi sikucheka.

Mama alitungoja mlangoni. "Kumbe walitaka nini?"

"Walitaka mtu mweusi," baba alisema akivua viatu. "Wakampata Baba Nekesa."

Januari iliyofuata alialikwa tena, akaenda. Mpaka leo sijaamua kama siku ile walimheshimu baba au walimtumia. Huenda ni yote mawili. Vijana wa siku hizi wangelirekodi kopo lile kwa simu, na kufikia jioni maelfu wangekuwa wanatukanana, na hakuna ambaye angemuuliza baba mwenyewe anasemaje. Wakati wetu mambo yalisemwa ana kwa ana, uso ukiwaka. Nimekuwa mtu mzima, nami hualikwa huku na huko, kwenye picha za kampuni na mezani kwa wakubwa, na kila mara huuliza kama alivyouliza baba: mmeniita kwa sababu mimi ni mweusi? Hunijibu kwa tabasamu pana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona haya.