Gurudumu la Deo

Nakumbuka Jumapili ile ya mbio za Muleba hadi Bukoba kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, na mke wangu anajua. Editha, kaa hapo. Simu weka chini. Jana nimekusikia redioni ukiulizwa umeshindaje, ukajibu, "Nimepambana mwenyewe, sikumtegemea mtu." Nusura niipige redio teke! Mwenyewe? Na Winfrida aliyekukinga upepo kutoka Muhutwe hadi Kemondo, akaimaliza miguu yake ili wewe uingie mjini na nguvu, yeye alikuwa nzi? Mimi ndiye ninayewafundisha, nilikuwa kwenye gari la nyuma, nimeona kwa macho yangu haya. Nimekasirika, mwanangu, sikufichi. Na hasira yenyewe si yako peke yako. Kosa hilo nililifanya mimi kabla hujazaliwa.

Tulikuwa wawili, mimi wa hapa Nyanga na Deogratias wa Rubya. Baiskeli tuliijua kwa kubeba ndizi. Usicheke. Ninyi mmeanza na kofia ngumu na suruali za kubana, sisi tulianza na mikungu minne nyuma, unasukuma mlima mzima kwa kifua, halafu unateremka upande wa pili breki zinanuka moshi. Wabeba ndizi tulikuwa na desturi yetu. Mwenzako akipata pancha, hupiti. Unasimama, hata kama humjui jina, hata kama mvua iko juu ya kichwa chako. Anayepita, siku ya pili hakuna wa kumshikia mzigo.

Jumapili ile ya mbio walikuwa wanatafutwa wawili wa kwenda kambi ya timu ya taifa. Wawili tu. Mimi na Deo tukapanga: yeye avute mbele kwenye milima, mimi nikae nyuma ya mgongo wake nisipigwe na upepo, kisha tukifika mjini mimi nitoke na kasi, yeye afuate. Wa kwanza na wa pili. Twende wote. Deo alikuwa hajawahi kuvuka mkoa huu, na kambi ile aliitaka mpaka usingizini.

Tukapanda Muhutwe tumewaacha wote. Tuko wawili tu, paa! Tairi langu la mbele limepasuka. Deo hata hakuniuliza. Aliruka chini, akachomoa gurudumu lake la mbele, akanifungia mimi. Kwenye ekseli alikuwa amelivisha kipande cha mpira chekundu, kile cha kufuta vumbi, dada yake alimkatia kutoka kwenye tyubu kuukuu.

"Nenda," akaniambia. "Gari la vifaa linakuja, nitakukuta mbele."

Sasa nisikilize vizuri hapa. Kwenda halikuwa kosa. Alinituma mwenyewe, na kwenye kazi yetu ndivyo inavyokuwa. Nilikwenda.

Gari la vifaa likaja kweli, limejaa magurudumu. Deo akainua mkono. Dereva akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti, "Namfuata anayeongoza!" Akampita, akamwachia vumbi. Anayeongoza nilikuwa mimi! Mpaka leo nikilikumbuka lile gari natamani kulitoa upepo matairi yote. Waliosimama ni wabeba ndizi wawili ambao hata hawakumjua. Walitua mizigo yao, wakatoa kiraka na gundi, wakaliziba tairi langu pamoja naye. Deo akapanda tena. Lakini mbio zilikuwa na muda wa mwisho wa kufika, na anayefika baada yake hahesabiwi.

Mimi nilifika wa kwanza. Nikabebwa juu juu, nikavishwa shada la maua. Mwenyekiti wa kamati akaja na karatasi yake.

"Mwenzako wa Rubya yuko wapi?" akauliza. "Tulimtegemea. Amekata tamaa?"

Hapo, mwanangu. Hapo hapo. Ningesema maneno matatu tu, gurudumu ni lake, wangelitazama, wangeona ule mpira mwekundu, wangemsubiri. Lakini watu walikuwa wananishangilia, na mimi nikaona nikisema hivyo ushindi utapungua. Nikajibu, "Hata mimi sijui, mzee. Nilipogeuka sikumwona."

Ni kweli sikumwona. Lo, uongo wa kishenzi kuliko wote!

Deo aliingia uwanjani jua linaelekea kushuka. Jina lake lilikuwa limeshakatwa na watu walikuwa wameshamsimulia nilichosema. Alilitazama gurudumu lake kwenye baiskeli yangu, akanitazama mimi, akasema, "Hongera, kaka." Akaondoka. Hata kulichukua hakulichukua.

Jumamosi yake nikalipeleka Rubya. Nililisafisha likang'aa, nikajidanganya kwamba nikilirudisha mambo yamekwisha. Nilimkuta baba yake, mzee wetu Ta Laurian, amekaa na wageni. Akaletewa kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna. Unajua kwetu mgeni hakai bila kupewa kahawa. Ta Laurian akampa wa kwanza, akampa wa pili, akafika kwangu. Nimeshakinga viganja viwili kupokea, kama nilivyofundishwa. Akanipita. Akampa aliyekuwa upande wangu wa kushoto.

Nikadhani hakuniona. Nikasema, "Ta, nimelirudisha gurudumu."

"Nimeliona," akasema. Hakupaza sauti. "Wewe si mgeni hapa, umekula kwangu mara nyingi. Na wa nyumbani si wewe, maana wa nyumbani angesema. Sasa nikupe kahawa kama nani? Gurudumu limerudi. Maneno yako wapi?"

Nilitoka pale mikono mitupu, watu wananitazama. Jumatatu nikaenda kwa mwenyekiti, nikaeleza kila kitu. Akakuna kichwa. "Mbona hukusema siku ile? Orodha imeshakwenda." Wa pili alikwenda kijana mwingine, mimi nikaenda, Deo akabaki na ndizi zake.

Nikawa mwendesha baiskeli wa kulipwa, nikafika nchi za mbali. Na unajua kazi yangu huko ilikuwa nini? Kuwabebea wenzangu maji. Kuwakinga upepo. Siku moja kiongozi wetu alipata pancha, nikampa gurudumu langu. Alishinda. Alipowekewa kipaza sauti, kabla hajajifuta jasho, alitaja jina langu. Wenzangu wakanipigapiga mgongoni, mimi nalia, wakafikiri ni furaha.

Deo alinisamehe, tena upesi mno. Tunatembeleana. Lakini magoti yake yamekufa kwa mizigo, na kambi ile hakuiona hadi leo. Ta Laurian tulimzika, na sikuwahi kupata kahawa mkononi mwake.

Kwa hiyo usiniletee habari za nimepambana mwenyewe. Kesho asubuhi kamati inakaa Kahororo kuchagua wa kambi, na kwenye karatasi yao Winfrida ni mtu wa ishirini na kitu, basi. Karatasi haioneshi upepo. Mimi nikienda watasema mwalimu anapendelea. Wewe ndiye mshindi, wewe watakusikia. Nenda kabla hawajafunga orodha. Sema alikufanyia nini, wapi, mpaka wapi. Usiseme "nashukuru timu yangu", huko ni kukwepa. Taja jina lake. Anayekusaidia mseme siku ile ile, mbele ya watu wale wale wanaokupigia makofi, maana wiki moja baadaye utakuwa unaisafisha roho yako tu, yeye hutamsaidia kitu.

Kisha pitieni hapa Nyanga, wewe na Winfrida. Nitamwita na Deo. Kahawa nimeshaichemsha, nimeianika, iko kwenye kikapu pale dirishani. Ukiwa umesema, nitaanza na kiganja chako. Ukiwa hujasema, njoo vilevile, ukae, uone inavyokuwa kikapu kikikupita.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe miguu isiyochoka na milima ya kuipanda, na kila utakapoinua mkono barabarani, asikosekane wa kusimama kwa ajili yako.