Jina Asilolitaja Masunga

Pale kijiweni Somanda, mjini Bariadi, ninapouza chai na vitumbua, hakuna dereva wa bodaboda niliyemdharau kama Masunga. Mwanamume mzima, ana pikipiki, ana mke fundi cherehani, halafu mama mkwe wake akitokea barabarani yeye anakata kona na kuingia vichakani. Mama yule alikuwa akiishi kijijini Sola, anakuja mjini mara mbili kwa mwaka, na kila akija Masunga alitafuta pa kujificha.

Najua, kwetu Usukumani mama mkwe ana heshima yake. Hupeani naye mkono, huli naye, na jina lake halitoki kinywani mwako. Lakini hayo niliyaona mambo ya wazee wa Mwandoya huko alikozaliwa Masunga, si ya kijana mwenye simu ya kupangusa. Mama yule alipougua, Masunga hakumpakia. Alimwomba mwenzake Luhende ampakie, yeye akafuata nyuma na pikipiki tupu, kutoka Sola mpaka hospitali. Tulicheka kijiwe kizima. Mimi nikamwuliza kama mgonjwa angemng'ata.

Mama akafariki wakati wa kupalilia pamba, bintiye Marcelina akiwa na mimba kubwa. Mwezi wa nne Marcelina akajifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike. Wakamwita Milembe.

Hapo nikapata la kusema. Maana mwaka huohuo mwanamuziki mmoja wa Dar, ambaye babu yake eti ni Msukuma, naye alikuwa amepata binti akamwita Milembe. Sherehe ya kumtambulisha tuliitazama kwenye simu siku tatu: keki ndefu kuliko bibi harusi, mtoto kavishwa taji, baba mtu kavaa miwani ya jua ndani ya ukumbi. Bariadi ikapagawa. Watu waliokuwa wanaona haya kuwapa watoto majina ya kwao waliamka asubuhi moja wote Wasukuma. Saluni ikawa Milembe, duka la vipodozi likawa Milembe. Kliniki nesi akiita Milembe, wanasimama akina mama watano, kila mmoja anamtazama mwenzake kama mwizi.

Basi Masunga na mkewe nikawaweka kwenye kundi hilo. Marcelina alisema ni jina la marehemu mama yake. Nani angemwamini? Mwaka ule kila aliyeiga alikuwa na bibi wa kumsingizia. Sisi marehemu tulimjua kama Mama Marcelina tu, basi. Nikatangaza kijiweni kwamba fundi cherehani ameona ya Dar, yamemlevya. Vijana wakaanza kumwita Masunga Baba Staa, wakamwuliza keki inakatwa lini.

Yeye alikuwa kimya. Na kilichonikera zaidi, hakulitaja jina la mtoto hata siku moja. Ukimwuliza mtoto anaendeleaje, anajibu kwamba mkwe hajambo, mkwe kalala. Nikasema, mnaona? Jina wameliiga wenyewe, sasa linamtia aibu. Niliambiwa Marcelina analia kwa maneno yangu. Sikujali, nikaendelea kukaanga vitumbua.

Nisiwafiche. Binti yangu Jenifer alijifungua mwezi huohuo, na wa kwake naye ni Milembe. Ila sisi tuliwatangulia kwa siku nne, na siku hizo nilimhesabia kila mteja.

Kisha wakaja watu wa vyeti vya kuzaliwa, pale ofisi ya kata. Siku ya mwisho nikaenda na karatasi ya mjukuu wangu, na mbele yangu kwenye foleni alikuwa Masunga, peke yake. Mshono wa Marcelina ulikuwa umefumuka, hawezi kutoka kitandani. Karani, dada mmoja mgeni kutoka Tanga aitwaye Harieth, akamwuliza jina la mtoto.

Masunga akasema aandike jina la bibi yake. Bibi yupi? Mzaa mama. Anaitwa nani? Kimya. Watu wakaanza kucheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Karani akamsogezea kalamu aandike mwenyewe. Akaitazama ile kalamu, hakuigusa.

"Baba, foleni ndefu," karani akasema. "Kama jina hulijui, niandike lolote. Niandike Harieth, kama mimi?"

"Usiandike hivyo." Masunga akasogea karibu na meza. "Mke wangu kanituma kitu kimoja tu, jina la mama yake lisipotee. Na mimi siwezi kulitamka, dada. Nilikwenda kuoa sina hata ndama. Wajomba wa mke wangu walinifukuza, mkwe akawaambia wanipe binti yake. Nitamtajaje mbele za watu?"

Nikaacha kucheka. Wiki nzima nilikuwa nimesikia akina baba wakiliita jina lile kama wanaita kuku. Mtu aliyeliokota kwenye simu angeogopa nini kulisema? Huyu alitukanwa kijiweni wiki tatu, mimi nikiwa mbele, na neno pekee la kujitetea lilikuwa ni jina la mkwe wake. Akalimeza. Nilimwonea uchungu, na mimi mwenyewe nikajichukia.

"Andika Milembe," nikamwambia karani. "Ni jina la bibi yake, wa Sola. Kwetu mkwe hatajwi."

Harieth akaandika. Masunga hakunitazama usoni. Alisema tu, "Asante, mayu," kama anavyoshukuru mtu mama yake, akachukua cheti, akakishika kwa mikono miwili mpaka nje.

Zamu yangu ikafika. Karani akauliza jina la mjukuu, nikasema Milembe. Akainua uso, amefurahi kwelikweli, maana alidhani sasa ameshazijua mila zetu.

"Na huyu, mama, bibi aliyempa jina ni wa wapi?"

Foleni nzima ilikuwa inasikiliza.

"Wa kwenye simu," nikajibu.