Bakuli Lililorudi Tupu

Juzi dada yangu alinirudishia bakuli langu, limesuguliwa hadi linang'aa, ndani hamna kitu. Nikamkumbuka mama, na ile nyumba yetu ya kupanga kule Temeke.

Mama Zuhura, jirani wa chumba cha pili, alikuwa mtu wa kufoka. Alasiri ile alifoka uani kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo, mpaka samaki wake wakaungua jikoni, nyumba nzima ikanuka. Mama hakujibu neno. Aliosha bakuli ambamo Mama Zuhura alituletea kisamvu jana yake, akalifunika kawa, akanituma nilirudishe. Nikalibeba kwa maringo, nikidhani ugomvi umeisha.

Mama Zuhura alifunua kawa, akatazama ndani: tupu. Machozi yakamlengalenga. Mie nikadhani ni furaha.

"Kamwambie mama yako, bora angenitukana."

Sikujua bado kwamba kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, hata iwe chumvi kidogo. Mama aliposikia, alicheka, akanijazia vitumbua kwenye sahani. "Haya, mpelekee. Sasa tumelingana."

Dada amerithi kimya kile. Nilimpigia simu palepale, nikaomba radhi kwanza, ndipo nikamuuliza nimekosa nini.