Mbao Kumi na Mbili za Mkaratusi

Wiki mbili zilizopita, nikiwa mezani nikisahihisha sura ya nne ya tasnifu yangu, mafundi wanaojenga ng'ambo ya ua wa hosteli walikuwa wakishusha mbao kutoka kwenye lori. Mbili ziligongana. Sauti yake ilikuwa nzito na fupi, ikazimika mara tu ilipozaliwa. Kabla sijajua ninachofanya, nilikuwa nimesema peke yangu chumbani, "Mbichi." Sentensi niliyokuwa nikiiandika sikuimaliza, na kwa siku tatu zilizofuata sikuandika kitu.

Msimamizi wangu wa masomo anadhani ninaumwa, nami sikumsahihisha. Ninyi nitawaeleza, ila mniruhusu niende kwa utaratibu. Jambo hili nimeligeuza kichwani kwa miaka mingi, na nimegundua kwamba nikiruka hatua moja tu, huanza kujipanga upya kwa namna inayonipendelea.

Baba alikuwa na uwanja wa mbao na kuni pembezoni mwa mji wa Isiolo, kando ya barabara iendayo Burat. Mama alikuwa karani katika ofisi ya serikali. Wote wawili walikuwa wameteremka kutoka Meru kabla sijazaliwa, na mimi, mtoto wao wa pekee, nikawapa jina ambalo mji mzima uliwaitia: Baba Kinya na Mama Kinya. Uwanja ule ulinuka utomvu, unga wa mbao na mafuta ya mashine, na hadi leo sijui harufu nyingine inayonifanya nijihisi salama na mwenye hatia kwa wakati mmoja.

Biashara ya mbao mahali kama pale ina maadui wawili. Wa kwanza ni mchwa, na huyo Baba alimshinda kwa mawe, kwa kuwa hakuna ubao wetu uliowahi kulala ardhini. Wa pili ni jua, na huyu ni hatari zaidi kwa sababu huja kama rafiki. Mbao zilikatwa kwenye baridi ya Meru na kuteremshwa katika joto letu kwa saa chache tu. Mfanyabiashara mgeni hudhani amepewa tanuri la bure. Huzianika juani, na baada ya siku nne ubao huwa umekauka ngozi na kupauka vizuri, ilhali moyoni umejaa maji kama siku ulipoanguka mti. Baba alizipanga kivulini, chini ya paa la mabati lisilo na kuta, zikielekea upepo. Kati ya safu na safu aliweka vijiti vyenye unene mmoja, kila kijiti juu ya mwenzake sawasawa, kwa sababu vikipishana hata kwa upana wa kidole, ubao hujikunja. Ncha alizipaka mabaki ya rangi yoyote aliyoyapata ili zisipasuke, na hivyo rundo letu lilikuwa na kijani cha shule, bluu ya zahanati, na waridi moja ambalo hakuna aliyejua lilitoka ukuta wa nani.

"Samaki mkunje angali mbichi," alipenda kusema, "lakini mbao usiiguse mpaka ikauke."

Kuni zilikuwa kazi rahisi zaidi. Kuni hukiri zenyewe: gome hubanduka, ncha hutoa nyufa kama miale, na mkononi huwa nyepesi kuliko unavyotarajia. Za mgunga ziliwekwa kando kwa ajili ya wenye hoteli, kwa kuwa makaa yake hudumu. Mabanzi yalimfaa mwenye kutaka chai ya haraka. Hata hivyo tulikosea mara mojamoja, na tukikosea, Mama Halima hakutuficha. Huyu alikuwa na hoteli ya pilau karibu na stendi, na sauti yake ilifika kabla yake.

"Salaam aleikum. Baba Kinya, juzi umeniuzia kuni ama umeniuzia supu? Imetoa maji mpaka nikatafuta kijiko."

Wapakiaji walicheka. Baba naye alicheka, lakini baada ya wengine kuanza. Nilidhani huo ni ustaarabu wa mtu mzima.

Nilikuwa darasa la tatu aliponiita mara ya kwanza kando ya rundo. Alishika nyundo kinyumenyume, akagonga ubao katikati kwa mpini, akaniuliza, "Inasemaje?" Nikasema inasema ti. Akagonga wa pili. Huo ulisema bu. Akanieleza kwamba ti ni ubao uliokauka hadi moyoni, na bu ni ubao unaoficha maji, na kwamba macho, na hata shavu linalowekwa juu ya ubao kupima ubaridi, huweza kudanganywa na jua la Isiolo, lakini sikio haliwezi. Tangu siku ile hakuna shehena iliyopita bila mimi. Nilimuuliza kwa nini asisikilize mwenyewe, akasema masikio ya mtoto hayajajaa maneno. Maelezo hayo yaliniridhisha kabisa. Nilijiona nimepewa cheo. Jambo moja nililiona bila kulifikiria: alipogonga, hakuutazama ubao. Alinitazama mimi usoni.

Kanuni moja ya uwanja haikuwa na msamaha: mkaratusi mbichi hauingii kwenye mashine. Mti huu hukua ukijikaza, na ukiupasua kabla haujatulia, ile njia inayoachwa na meno ya msumeno hujifunga nyuma yake na kuubana. Ubao hurushwa kwa anayeusukuma, au huuvuta mkono wake mbele. Aliye makini hupata onyo: sauti ya mashine hushuka kwanza. Ndipo huzima, au mwenzake wa upande wa pili hutia kabari. Mwenzake Baba alikuwa Ekai, mtu mzima kutoka Ngare Mara, mpole, mwenye mikono mirefu ajabu.

Sasa ile Jumamosi. Ilikuwa likizo ya Aprili, nikiwa darasa la tano. Mama Halima alikuwa ameagiza boriti za paa jipya la jiko lake, na kwa kuwa alikuwa mwanamke wa kuamini kwamba jambo likianza limekwisha, alikuwa tayari ameliangusha paa la zamani. Mawingu yalikuwa yamesimama juu ya vilima vya Nyambene tangu alfajiri. Alikuja uwanjani akiwa amefunga mtandio kiunoni kama mtu anayekwenda vitani.

"Baba Kinya, hii mvua haitangojea mti yako ikauke. Sufuria yangu iko chini ya Mungu tu saa hii."

Mbao zenyewe zilikuwa kumi na mbili, za mkaratusi, nene, zilizohitaji kupasuliwa katikati. Mimi nilikuwa nimevaa gauni jeupe la kwaya. Kwaya ya watoto ilikuwa inakwenda kuimba Gotu, na nilikuwa nimepewa ubeti mmoja wa kuimba peke yangu, jambo ambalo halikuwa limenitokea kabla na, niwaambie, halijanitokea tena. Gari lilikuwa mbele ya kanisa, likipiga honi.

Baba akagonga, akanitazama. Kavu, nikasema. Akagonga. Kavu. Mbao kumi zilisema kweli, nami nilisema kweli. Wa kumi na moja ulisema bu.

Kwa miaka mingi nimejitetea kwamba honi ilinichanganya na kwamba masikio yalikuwa Gotu tayari. Naomba niwe sahihi: nilisikia. Nilijua pia kinachofuata ubao mmoja ukikutwa mbichi. Baba angeligonga rundo lote upya, kila ubao mahali patatu, ncha mbili na katikati, na gari lingeondoka.

"Kavu," nikasema.

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. "Kavu?"

"Kavu, Baba."

Wa kumi na mbili niliujibu nikiwa nimeshageuka.

Tuliporudi alasiri, mashine ilikuwa kimya na mchanga ulikuwa umemwagwa chini ya meza yake. Ekai alikuwa ameketi juu ya jiwe, mikono yake mirefu ikining'inia katikati ya magoti. Aliniambia kwamba Mama amempeleka Baba hospitalini; kwamba ni mkono wa kushoto; kwamba vidole viwili havitarudi.

"Mashine ilianza kulia kama ngamia imekataa mzigo," alisema. "Nikamwambia simamisha. Nikamuita mara tatu, Kinya. Hata hakugeuka. Baba yako ni kichwa ngumu."

Ubao wa kumi na moja ulikuwa bado mezani, umepasuliwa hadi nusu. Niliuwekea shavu mahali ulipofunguka. Ulikuwa baridi, na ndani ulikuwa na rangi ya nyama. Gauni langu lilibaki na alama ya unyevu begani. Mama alipolifua alidhani ni jasho.

Baba aliporudi, waliokuja kumpa pole aliwajibu neno moja: "Nilikuwa na haraka." Mama Halima alileta pilau kwa wiki mbili mfululizo na kulia kila mara alipoiweka chini, akijilaumu yeye na paa lake. Nilikula pilau ile. Nilikuwa nikingoja Baba aniulize, na nilikuwa nimeandaa majibu matatu tofauti, moja kati yake likiwa la kweli. Hakuuliza. Badala yake, bandeji ikiwa bado mkononi, alisimama mlangoni na kusema, "Kinya, njoo unisikilizie." Nikasema nina kazi ya shule. Juma lililofuata nikasema kichwa kinaniuma. Niliamini kabisa kwamba natenda haki: masikio yaliyomkata vidole yasimkaribie tena. Nikahamia vitabuni, na watu wazima wakanisifu.

Mwaka uliofuata aliiuza mashine. Ekai akaenda kwa mfanyabiashara mwingine. Safu zenye ncha za rangi zikapungua, kisha zikaisha, na uwanja ukabaki wa kuni na mabanzi tu, vitu vinavyoweza kuhukumiwa kwa jicho na mkono. Nilidhani ni kwa sababu ya vidole, ingawa nilijua mafundi wawili mjini waliopasua mbao wakiwa na vidole vichache kuliko yeye. Nilikuwa mtoto wa kuhoji kila kitu, lakini hilo sikulihoji.

Baada ya sauti ile ya hosteli, nilirudi nyumbani. Baba sasa ni kiziwi. Hilo si siri, na nilikuwa nimelihesabu miongoni mwa mambo ya uzee. Nilimkuta ameinama akipanga kuni, magome yakitazama juu, nikamwita mara mbili kwa nyuma bila kujibiwa. Nikamwambia Mama, kwa masikitiko ya kawaida, kwamba uzee umeyashika masikio yake.

"Uzee gani?" Mama alisema, bila kuacha kuchambua maharagwe. "Alianza kupoteza masikio ukiwa darasa la tatu. Ni ile mashine. Mbona nilidhani wajua? Wewe si ndiye ulikuwa unamsikilizia?"

Nilikaa chini. Mambo yalijipanga moja baada ya jingine kwa usahihi ambao tasnifu yangu haijawahi kuwa nao: kicheko kilichochelewa, macho usoni mwangu, mita tatu kutoka kwa Ekai na mara tatu bila kugeuka. Katika uwanja wa mbao kila mtu hupiga kelele, na hakuna mahali bora pa kuficha masikio yanayokufa. Mteja gani angemwamini muuza mbao asiyeweza kuusikia ubao?

Usiku sikulala, na asubuhi nilikuwa nimeandika ungamo langu kurasa mbili. Baba alilisukuma kando. "Sina miwani. Sema, ninaona mdomo."

Nikasema. Ubao wa kumi na moja, honi, ubeti wangu. Alinitazama kama zamani, na nilipomaliza alitikisa kichwa taratibu.

"Niliona," alisema, kwa ile sauti yake ya juu ya mtu asiyejisikia akisema. "Uso wako ulisema mbichi. Mdomo ukasema kavu. Mama Halima amesimama hapo, mawingu yako hapo. Nami nilikuwa nataka iwe kavu. Nikachagua mdomo. Hiyo ni yangu."

Nilimuuliza basi, polepole, nikiunda kila silabi, kwa nini aliacha kuniita.

"Niliita. Kabla ya kuuza mashine, shehena ilikuja, nikasimama hapo nje nikakuita. Hukujibu. Nikasema, mtoto ameogopa, asilazimishwe."

Na hapo, wasomaji wangu, nilikumbuka alasiri moja ambayo sikuwahi kuiona ina maana. Nilikuwa chumbani na kitabu. Nilisikia jina langu, nikasimama, nikavaa kiatu kimoja, nikasema, "Naam, Baba, nakuja." Nilisema kwa sauti ya kawaida, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi. Nikangoja aite tena, kama wazazi waitavyo, ili nijue kweli ananitaka. Nikasikia hatua zake zikiondoka. Nikavua kile kiatu. Niliamua kwamba amelikumbuka kosa langu katikati ya kuita, akabadili nia.

Mtoto aliyetenda kosa huamini kwamba kila ukimya unamhusu. Sikujua kwamba mtu anaweza kusimama uani, hatua kumi kutoka kwako, akiwa anakuhitaji, na jibu lako lisimfikie hata kidogo. Nilijiadhibu kwa kujiondoa, na gharama ya adhabu yangu ililipwa na yeye, ubao kwa ubao, hadi uwanja ukawa mtupu.

"Nilijibu," nilimwambia.

Alisogea karibu, akiuangalia mdomo wangu. "Ulisemaje?"

Nikarudia, mara mbili, hadi alipoelewa. Aliuweka mkono wake wa vidole vitatu juu ya zile karatasi zangu, upepo usizichukue, na tukakaa hivyo mpaka Mama alipotuita chai, akiniita mimi, na mimi nikimgusa Baba begani.