Nilimuchongea kocha wetu, na sasa mimi njo wamechagua nimutetee

Ndugu wa ukurasa huu, jina yangu muiache nje. Mimi ni mwanaume wa miaka makumi tano na moja, niko na bibi na watoto sita, tunakaa Alunguli, hapa Kindu. Kazi yangu ni kutengeneza pikipiki. Masomo yangu iliishia sekondari ya tatu, kwa hiyo nikikosea maandishi munisamehe. Kosa yenye inaniumiza haiko kwa maandishi.

Washabiki ya timu yetu wanakusanyikaka kwangu, pale kwa kazi, kila siku. Tangu kocha aondoke, hakuna habari ingine. Prezida, njo mwenye timu, anayelipa kila kitu, alimufukuza kocha nyuma ya mechi moja tu tuliyofungwa, akaweka shemeji yake. Tangu pale tumepigwa mara tatu.

"Shemeji yake alichezaka wapi?" mumoja anauliza.

"Kwa salon, mbele ya televizio!"

Wanacheka. Mwingine, muntu ya taxi-moto, anayebeba watu na pikipiki, anakasirika: "Timu ni yake. Wewe hata mupira ya mutoto hujanunua, unataka kumufundisha prezida?"

"Timu ni yake, lakini machozi ni yetu!"

"Na huyo kocha yenu muzuri, si alichezeaka timu ya waasi wakati ya vita?" mwenye taxi-moto anaongeza. "Prezida alifanya vizuri."

Hapo wote wananigeukia: "Papa, wewe ulikuwa mukubwa tayari wakati ile. Sema kitu." Mimi ninainama juu ya moteri, ninajifanya natafuta kifungulio.

Ndugu zangu, ile neno ya waasi ilitoka kwa kinywa yangu.

Siku ile tulifungwa, nilimufuata kocha inje ya uwanja, nikamwambia alikosea kutoa mushambuliaji. Alikuwa na hasira, akanijibu mbele ya watu: "Wewe tengeneza pikipiki, timu uniachie." Watu wakacheka sana. Nilisikia haya mpaka masikio ikawa moto. Kurudi kwa kazi, washabiki hawajafika, nikamwambia muteja mumoja wa kupita: "Huyo anajivuna nini? Wakati ya vita alichezea waasi." Basi. Mbele ya jua kushuka neno ilikuwa imefika kwa prezida. Kesho yake akaniita kwake, akanipa kiti na sukari baridi, njo soda, akaniuliza, "Papa, uliona na macho yako?" Nikajibu, "Niliona." Ilikuwa kweli. Hakuniuliza nilikuwa nimesimama wapi. Nilikuwa golini.

Nieleze. Waasi walipokaa hapa, walitaka timu ya vijana ya kucheza na askari wao. Vijana wengine walikuwa wanakamatwa njiani, wanabebeshwa masanduku ya risasi mpaka pori, na wengi hawakurudi. Kocha wakati ile alikuwa muchezaji anayejulikana kuliko wote. Wakamuamuru atafute watu kumi na moja. Mimi nilikuwa nimekamatwa tayari, tumepangwa mustari, sanduku iko juu ya kichwa. Akapita na askari mumoja, akaninyoshea kidole: "Huyu mumuache, ni kipa wetu." Alikuwa amebakisha nafasi moja tu. Mimi maisha yangu yote sikuwa nimeshika mupira. Mechi ya kwanza nilifungwa saba. Akanisogelea polepole, akasema, "Ruka tu, mudogo, hata ukiukosa. Wakiona unaruka watakuacha." Niliruka miezi yote ile, na niko muzima.

Nyuma yangu kwa ule mustari kulikuwa kijana mwingine. Yeye alienda na sanduku yake, hakuonekana tena. Ni kaka mukubwa ya bibi yangu. Bibi nilimuoa nyuma ya vita. Wakwe wangu waliponiuliza nilikuwa wapi wakati ule, niliwaambia nilijificha Lokandu. Mpaka leo njo wanajua vile.

Kocha alipofukuzwa nilienda kwake Mikelenge kuomba musamaha. Alikuwa anafunga godoro na kamba. Mbele nifungue kinywa, akasema: "Prezida aliniuliza nani mwingine alikuwa kwa ile timu. Nilimwambia wote walikufa." Akaendelea kufunga kamba. "Salimia mama watoto," akasema. Nilirudi na musamaha yangu kwa mudomo. Sasa anakaa kwa wakwe wake, analima mupunga, na muntu wa umri ule hakuna timu itamuita tena kama yetu haimurudishi.

Na sasa washabiki wamepatana: Dimanshi hii, njo Jumapili, wanaenda kwa prezida kumuomba amurudishe kocha. Kwetu huku vijana hawaingiaki kwa mukubwa bila muzee wa kutanguliza neno. Wamenichagua mimi. "Papa, wewe uliona vita, eleza prezida ile ya waasi ni uongo." Walinipigia makofi. Mwenye taxi-moto naye alipiga.

Nikaambia bibi yangu, nikitaka kuona atasema nini. Aliweka sahani chini. "Mumuache huko huko. Siku kaka yangu anabeba masanduku yao, yeye alikuwa anacheza mupira." Nilikula ugali ile bila kuinua macho.

Nikienda, prezida ataninyoshea kidole tu: "Shahidi wangu si huyu mumeleta?" Nikijifanya mugonjwa, vijana watamuendea bila mukubwa na atawafukuza. Nikisema yote, kocha anaweza kurudi, lakini nitarudi kwa nyumba gani? Na nikinyamaza, mwenye aliniokoa atazeeka na jina ya musaliti, na mimi njo niliipa.

Ndugu, munitukane kama munataka, nimestahili, lakini kisha munijibu. Imebaki siku tatu. Nianze kusema kwa nani: kwa prezida, kwa kocha, ao kwa bibi yangu?