Bwana Mwacheni wa Kariakoo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti jeupe lililonizidi mabega, nikaripoti kwa Mganga Mfawidhi, yaani daktari anayeongoza hospitali nzima. Ilikuwa hospitali ya serikali, katikati ya jiji. Mimi mtoto wa muuza vitunguu wa Ilala, nimetoka chuoni juzi tu, nilijiona nimefika. Mzee yule hakunipa hata kiti. "Wodi ya wanaume kuna mtu anakataa kukatwa mguu," alisema. "Nenda kazungumze naye."

Mgonjwa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kutoka mtaa wa Gerezani. Kisukari kilikuwa kimemwozesha kidole, na uozo ulishaanza kupanda. Nilimweleza mbiombio, nikampa fomu ya ridhaa, ile karatasi ambayo mgonjwa anatia sahihi kukubali upasuaji. Akaisukuma pembeni.

"Dokta, haraka ya nini? Mguu ni wangu."

Nilirudi kwa mkuu wangu nimefura. Nikashauri tumpige sindano ya usingizi tumkate, akiamka atatushukuru. Mganga Mfawidhi aliweka kalamu mezani.

"Kijana, umesomea tiba. Hukusomea kumiliki miili ya watu. Mwambie ukweli mpaka auelewe. Kuamua ni kwake. Rudi."

Nilikaa na yule fundi mchana kutwa. Alikubali kesho yake asubuhi, baada ya kushauriana na mkewe. Siku hiyo moja ilimgharimu: tulikusudia kukata kwenye kifundo, ikabidi tukate chini kidogo ya goti. Nimejiuliza mara nyingi kama tulifanya sawa, na hadi leo sina jibu la kunilaza usingizi. Ninachojua ni kwamba hakumlaumu mtu, na alipopona alijiundia kiti kirefu cha chuma akaendelea na kazi.

Baadaye nilipangiwa hospitali ya wilaya kule kusini. Huko daktari mmoja unazalisha, unang'oa meno na unatibu malaria kabla ya chai ya saa nne. Miaka ikapita, nikaacha utumishi, nikafungua zahanati ya vyumba vitatu Kariakoo. Nilidhani mambo ya wakubwa nimeyaacha nyuma.

Asubuhi moja mgambo wa jiji walipita mtaani kwetu kuwaondoa mama lishe, wale akina mama wanaopika chakula barabarani. Sufuria ya maharage ilipigwa teke, ikammwagikia Mama Zuhura miguuni. Mama huyo wa Kilwa alikuwa akinipikia chakula cha mchana kila siku. Nilipokuwa namfunga bandeji, alinitazama bila kulia.

"Dokta, leo unanifunga, kesho wanarudi. Wewe unajua kuongea mbele za watu. Si uende ukawaambie?"

Ndivyo nilivyoingia kwenye siasa. Niligombea udiwani, nikapita. Kwenye baraza la madiwani msimamo wangu ulikuwa mmoja: mtu mzima asiyemdhuru mwenzake aachwe afanye kazi yake. Kila ilipoletwa hoja ya kibali kipya, mimi nilisimama kuuliza kinamkinga nani. Wenzangu wakanipachika jina la Bwana Mwacheni. Nililipenda kuliko walivyotarajia.

Kisha ikaja masika ile mbaya. Maji yalijaa bonde la Jangwani, vyoo vikafurika, kipindupindu kikaingia. Huo ni ugonjwa wa kuhara maji matupu, unaoweza kummaliza mtu mwenye nguvu kwa siku moja. Meya aliitisha kikao cha dharura: meza zote za chakula zifungwe, na atakayekaidi akamatwe.

Nilisimama. "Mheshimiwa Meya, tukiwafunga watapika uani, tusikowaona. Tuwape sabuni, vidonge vya kutakasia maji na maelezo. Wachague wakaguzi wao wenyewe. Naomba wiki moja."

"Daktari," alisema Meya, "mtu akifa, jina lako litakuwa kwenye muhtasari."

"Liandikwe," nikajibu. Nikapewa ile wiki moja.

Siku ya tatu waliletwa zahanati wapagazi wawili, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiibana hairudi. Tuliwatundikia dripu mikono yote miwili. Mmoja alipoweza kusema, nilimuuliza alikula wapi. Akasema alikunywa tu juisi ya ukwaju, kwa Mama Zuhura.

Nilikwenda kwake kwa miguu. Sikuwa na mgambo wala barua.

"Karibu, dokta."

"Mama Zuhura, wateja wako wawili wako kwangu na dripu. Walikunywa juisi yako."

Upawa ukamponyoka. "Haki ya Mungu, maji nimechemsha! Waulize wakaguzi!"

"Nakuamini. Na barafu je?"

Barafu alikuwa ananunua. Alitazama ndoo ya juisi, akatazama wateja waliopanga foleni, kisha akaiinua mwenyewe akaimwaga mtaroni. "Jamani, juisi leo hakuna," akatangaza. "Na barafu msinunue popote mpaka tujue inatoka wapi."

Wale akina mama walipita meza kwa meza wakiulizana. Kabla ya alasiri walikuja na jibu: barafu yote inatoka karakana moja Gerezani. Nilikwenda na bwana afya, yaani afisa afya wa kata. Tulikuta mwenye karakana anachota maji ya kisima kilichofunikwa na mafuriko.

"Simamisha kazi, tafadhali," nilimwomba. "Watu wanaugua."

"Mheshimiwa, si wewe uliyesema tuachwe?"

"Nilisema asiyemdhuru mwenzake."

Akacheka, akawasha mashine. Nikamgeukia bwana afya nikamwambia afunge mlango na aweke lakiri ya serikali, na kama shahidi nikatia sahihi yangu kwenye hati ya kufungia. Siku hiyo nilielewa msimamo wangu unaishia wapi, na sikuona aibu.

Wapagazi wote wawili walipona. Meza hazikufungwa, na mtaani kwetu hakuugua mwingine. Meya alinipa mkono ukumbini, akaniambia taratibu, "Una bahati, daktari." Sikubisha. Bahati ilikuwepo.

Nilitumikia vipindi viwili, nikastaafu udiwani, kisha zahanati nikamwachia mwanangu. Mkiniuliza ninyi vijana kipi kilinisumbua zaidi, tiba au siasa, nitasema siasa, kwa kuwa huko mgonjwa haji kwako mwenyewe.

Majuzi nilikwenda kwenye mkutano wa mtaa. Diwani wetu wa sasa ni dada kijana, mwanasheria, kwao Moshi, ana duka la vitenge na mumewe. Alikuwa anataka kila jengo la ghorofa liwe na mlango wa dharura, atake mwenye jengo asitake. Nikasimama kumpinga. Nikaongea, nikanogewa.

"Shikamoo, mzee," alinikatiza.

"Marahaba, mheshimiwa."

"Samahani sana, dakika zako zimeisha. Na ghorofa likiwaka, wapangaji wa juu walichagua nini?"

Watu wakapiga makofi. Nikakaa, na mimi nikapiga makofi.